Ajenda ya Mtego

Mlioniandikia kuuliza kama nilifukuzwa kazi, subirini kidogo. Mambo ya watu wazima hayaelezwi kwa pupa, na haya ya kwangu yana kona.

Aliyejiunga leo nimkumbushe kwa ufupi. Mimi ni katibu wa vikao katika halmashauri ya jiji. Kazini wananiita Mama Vikao. Kabla ya kila baraza la madiwani tunakaa watu wanne katika chumba cha ajenda na kupanga kitakachosemwa: Mstahiki Meya, Naibu wake, Mkurugenzi wa jiji, na mimi mwenye kalamu. Naibu ni mwanamke, tena mcheshi. Mkurugenzi ni mwanamume asiye na maneno mengi, muda wote anamung'unya pipi ya tangawizi.

Wiki iliyopita niliwaacha Mstahiki amepandwa na hasira. Ajenda yake ya kupandisha ushuru wa taka ilifika mitaani kabla haijafika kwa madiwani. Watu wakajaa ukumbini, wakamzomea mpaka akasahau salamu. Aliporudi chumba cha ajenda alipiga meza, akasema, "Humu ndani kuna mdomo. Nikiupata, mwenye mdomo anakwenda kwao siku hiyohiyo."

Sasa hesabu nami. Naibu amechaguliwa, hafukuzwi. Mkurugenzi ameteuliwa na wakubwa, hafukuzwi. Nani amebaki wa kwenda kwao?

Isitoshe, mume wangu ni seremala, na karakana yao ya maseremala ipo ng'ambo ya barabara, ukitazama dirishani unaona vumbi lao. Watu wakisikia mke yuko jikoni kwa Meya na mume yuko karakana, hawahitaji ushahidi mwingine. Lakini mdomo haukuwa wangu. Mimi nyumbani nikifika nimeshachoka hata kutaja majina ya watoto, sembuse ajenda.

Na kazi hii ndiyo ada za watoto, ndiyo kodi, ndiyo heshima yangu kwa mama mkwe. Ikipotea, nimekwisha. Basi hapo ndipo tulipofika. Tuendelee.

Jumatatu asubuhi Mstahiki aliniita ofisini kwake peke yangu.

"Funga mlango, Mama Vikao."

Nikafunga.

"Kaa."

Hapo nikaanza kuogopa. Tangu nimfahamu, Mstahiki hajawahi kuniambia nikae. Mtu aliyezoea kukusimamisha akikukaribisha kiti, kitazame kiti kwanza. Nilikitazama, nikakaa kwa pembeni.

Akanisukumia rasimu. "Hii ndiyo ajenda ya kikao kijacho. Tumeiona wewe na mimi tu. Naibu hajaiona, Mkurugenzi hajaiona. Asiione mtu."

"Hatukai chumba cha ajenda?"

"Mara hii hatukai."

"Tumekaa kila mara, Mstahiki."

"Na kila mara imevuja. Au unataka ivuje?"

Swali kama hilo halina jibu. Ukisema hapana, unajitetea. Ukinyamaza, umekiri. Nikajitia kusoma.

Niwaeleze kidogo namna tunavyofanya, maana balaa lote lilitokea hapo. Ajenda zetu zina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni za kujadili, hizo madiwani wanagombania mpaka mishipa ya shingo inasimama. Fungu la pili ni za pamoja. Za pamoja hazisomwi. Meya anataja tu kwamba zipo, ukumbi mzima unaitikia "ndiyo" mara moja, zimepita zote kama mchele na chuya zake. Diwani akiwa na wasiwasi na moja, lazima anyanyue mkono kabla ya ile ndiyo na kusema, "Hii naitenga." Asipotokea wa kutenga, imekwenda.

Basi katikati ya za pamoja, baina ya kununua mafagio na kupaka rangi vyoo vya stendi, nikaona hii: kuhamisha karakana ya maseremala ili kupisha maegesho ya magari ya madiwani.

Nikasoma tena, pengine macho yamenidanganya. Hayakunidanganya.

"Mbona hii imewekwa kwenye za pamoja, Mstahiki?"

"Kwani ina ubishi?"

"Karakana ina watu."

"Unawajua?"

"Mmoja namjua."

Akatabasamu. Simu yake ikalia, akaipokea kwa ile sauti yake ya mkutano wa hadhara, maana Mstahiki hana sauti ya chini, hata akinong'ona unamsikia ukiwa korido, na kila anachoandika anakisoma kwa sauti. Huku anaongea, mkono mwingine ukashika kalamu, ukavuta rasimu, ukatia saini pale chini kama unavyotia kila siku. Hakutazama hata. Akanirudishia, akanionyesha mlango.

Nikatoka nimebana karatasi kifuani. Kichwani mambo mawili yanapigana. Kama ajenda ni ya kweli na nikanyamaza, mume wangu ataamka akute benchi lake limetupwa barabarani. Kama ni mtego na nikamwambia mume wangu, nimejifukuza mwenyewe. Sasa, mwenzangu, hapo ungefanyaje?

Sijafika mbali nikakutana na Naibu, anafungua ofisi yake. Ofisi yake na ya Meya ni moja iliyogawanywa kwa ukuta wa mbao nyembamba. Ukuta ule aliujenga mume wangu, na walipomlipa nusu alipiga mbao nusu, anasema mwenyewe.

"Mbona umenuna, bibi?" Naibu akanishika mkono. "Umepigwa asubuhi yote hii?"

"Sijapigwa. Nimechoka."

"Kuchoka Jumatatu? Ijumaa utakuwa maiti."

Akacheka, nami nikajilazimisha kucheka. Nikainamisha macho ili asiyasome, ndipo nikaona. Kwenye upindo wa gauni lake, gauni zuri la rangi ya zambarau, kumeng'ang'ania maranda. Maranda hasa, yale yanayojikunja randa ikipita juu ya mbao. Mimi nimeolewa na maranda. Nayafagia kitandani, nayatoa kwenye mboga. Nayajua.

Nikainama nikachomoa moja. "Una maranda hapa, Naibu."

Akatazama. Akapangusa upindo haraka. "Ya wapi tena haya?"

"Ndiyo nikuulize. Umepita wapi asubuhi?"

"Nimetoka nyumbani moja kwa moja."

Akaingia, akafunga mlango. Nikabaki na kile kipande cha maranda kiganjani. Maranda hayaoti kama nyasi, na nyumbani kwa Naibu hakuna seremala. Nikasema moyoni, pengine amepeleka kiti kutengenezwa. Halafu moyo ukanijibu, kama ni kiti, mbona asiseme kiti?

Jioni nilipofika nyumbani, nilimkuta mume wangu anapiga pasi.

Ndugu zangu, mume wangu hajui pasi inaanzia wapi. Na nguo aliyokuwa anaipiga ni koti letu la harusi. Nasema letu kwa sababu nililinunua mimi.

"Kuna msiba?" nikamuuliza.

"Wa nani?"

"Nakuuliza wewe uliyeshika koti."

"Koti likikaa sana linaliwa na nondo."

"Na nondo wameanza leo?"

Akageuza mkono wa koti, akaupiga vizuri kabisa, bila hata kuunguza. Hilo nalo likanichoma. Kumbe anajua.

Tukala. Watoto wakagombania paja la kuku, wakanyamazishwa, wakaondoka. Tukabaki wawili na sahani.

"Kazini kwema?" akaniuliza.

Nikaacha kutafuna. Kwa kawaida mume wangu haulizi habari za kazini kwangu. Kama ofisi yetu ingeungua, angejua kwa moshi.

"Kwema."

"Hakuna jipya?"

"Jipya gani?"

"Nauliza tu."

"Na karakana, kwema?"

"Kwema."

"Hakuna jipya?"

"Jipya gani?"

"Nauliza tu," nikasema.

Tukatazamana kama watu wawili waliofungiwa duka moja na kila mmoja anamshuku mwenzake kuiba. Nilitamani kumwambia. Niseme ukweli, ulimi ulishafika mlangoni. Huyu ni mume wangu, nimezaa naye, nimemzika baba yake. Lakini nikayakumbuka maneno ya Mstahiki, na nikaliwaza lile koti, na yale maranda kwenye zambarau, ulimi ukarudi ndani ukalala.

Simu yake ikalia. Akaitazama, akanyanyuka, akaenda kuipokea nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji.

Nikachukua sahani nikasogea dirishani, nikajitia kuosha. Sahani moja ile niliiosha mpaka maua yake yakakaribia kutoka. Alikuwa anaongea chini kwa chini. Nikasikia sentensi moja tu.

"Bado hajasema kitu."

Nani hajasema kitu? Nyumba ile ina mimi, watoto na paka. Watoto hawajawahi kunyamaza tangu wazaliwe. Paka simtilii maanani.

Aliporudi nikamuuliza, "Nani?"

"Mteja."

"Mteja gani anapiga simu kuuliza nani kasema na nani hajasema?"

"Wa kabati," akasema. "Kuna kabati la mtu."

Sikulala vizuri. Nilijigeuza nikifikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kujiona mjanja, na hapo ndipo shetani hupata nafasi. Nilijua sasa kwamba ni mtego. Mstahiki amempata mume wangu, amemweka aniwinde nikiwa kwangu. Mimi nikisema neno moja tu mezani, yeye anapeleka, kesho nafungasha. Basi nikaamua nitautegua huo mtego kwa njia ya halali kabisa.

Njia yenyewe ni hii. Kwenye lango la halmashauri kuna ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli. Ufunguo wake nauning'iniza shingoni, wengine wanadhani ni hirizi. Desturi yetu ni kwamba rasimu ikishatiwa saini na Meya, ninaipiga chapa na kuibandika. Hakuna kuuliza. Na ikishaingia ndani ya kioo, ni ya jiji. Meya mwenyewe hana ruhusa ya kuitoa, mpaka baraza zima likae na kuamua.

Nikajiambia, jiji lote likisoma kwa pamoja, nani atasema imevuja? Imevujia wapi, kioo? Na maseremala wataiona, watapiga kelele, diwani mmoja ataitenga, karakana itapona. Nitakuwa nimeokoa kazi na mume kwa gundi ya kijiko kimoja. Nilijisifu. Nilijisifu sana, na leo naona aibu kuandika hivyo.

Jumanne asubuhi nikabandika.

Chai haijapoa, watu wamejaa mbele ya ubao. Maseremala walivuka barabara na vumbi lao, penseli zao masikioni. Nikamtafuta mume wangu katikati yao, sikumwona. Kitambo kidogo, Mstahiki akaja anatembea upesi, na mtu mnene akitembea upesi unajua kuna jambo.

"Nani kakwambia ubandike?"

"Saini yako, Mstahiki."

"Nilisema asiione mtu."

"Ulisema. Halafu ukatia saini. Mimi nimefuata ya mwisho."

Akaichukua rasimu mkononi mwangu, akaitazama saini yake kwa muda kama anayeitazama picha ya marehemu. "Niliitia saa ngapi?"

"Ulipokuwa kwenye simu."

Akanyoosha mkono kwenye ufunguo wangu. Kisha akawaona watu. Wote walikuwa wanatazama mkono ule. Akaurudisha, akajikuna sikio.

"Chumba cha ajenda," akasema. "Sasa hivi."

Tukakaa wanne. Meza ile ina mguu mfupi, ukiiegemea inakugeukia. Mstahiki aliiegemea, ikamgeukia, akatukana.

"Ile ajenda ya karakana," akasema, "haipo."

"Ipo," Mkurugenzi akasema. "Nimeisoma getini."

"Haipo nakwambia. Niliitunga. Ilikuwa chambo."

Basi nilikuwa nimepatia. Furaha ikanijia, ikakaa dakika moja, ikaondoka.

Mkurugenzi akaitoa pipi shavu hili akaipeleka lile. "Mimi ulinipa ya kupunguza magari ya ofisi. Nayo chambo?"

"Nayo."

Naibu akaanza kucheka. "Na mimi ya kuipa barabara kuu jina la marehemu baba yako?"

Mstahiki akarekebisha tai. Nadhani ile peke yake haikuwa chambo kamili.

"Kila mtu nilimpa yake," akasema. "Nisikie ipi itafika mtaani, nijue mdomo ni wa nani. Huyu kaibandika."

Wote wakanigeukia. Nikatazama meza.

"Sasa itolewe," Naibu akasema.

"Itolewe na nani?" Mkurugenzi akajibu. "Imeingia kwenye kioo. Baraza tu ndilo linaloweza kuitoa, na Mstahiki asimame aeleze kwa nini iliingia."

"Nisimame?" Mstahiki akasema. "Mbele ya madiwani? Niseme niliandika ajenda ya uongo kumtega Naibu wangu na Mkurugenzi wangu? Kiti changu kinapigiwa kura mwezi ujao, na wanaopiga ni haohao."

"Basi?"

"Basi ipite. Ipo kwenye za pamoja, haina maneno. Karakana ihame."

"Kwa ajenda ya uongo?" nikasema. Sikukusudia kusema.

"Ikishapitishwa, Mama Vikao, si ya uongo tena."

Mtego wa panya hunasa aliyekuwemo na asiyekuwemo, lakini huu nilikuwa nimeubeba mimi, nikaupaka gundi, nikaufungia kwa ufunguo wangu. Ningenyamaza, ungebaki karatasi tu. Ujanja wangu umewauza watu walionialika harusini kwao. Nilitaka kulia na niliona haya kulia mbele ya Mkurugenzi.

Naibu akanigusa bega. "Usihangaike, bibi. Mimi nitaitenga."

Nikamtazama. Mstahiki naye akamtazama.

"Ukiitenga lazima utoe sababu," akamwambia.

"Sababu ninayo. Wenyewe hawataki. Mwenyekiti wa maseremala nimemwita aje aseme hapa, mbele yetu. Yuko nje. Nikiitenga nitasema nimewasikiliza wananchi, na jina lako halitatajwa."

Sikiliza, mpaka hapo nilikuwa tayari kumwomba Naibu radhi kimoyomoyo. Kumbe yale maranda ni ya kuwasaidia watu. Mwenyekiti wao namjua, ni mzee mmoja tunamwita Mzee Msasa, kwa ukali wake. Huyo angemkwaruza Mstahiki mpaka ang'ae.

Mlango ukafunguliwa. Hakuingia Mzee Msasa.

Aliingia mume wangu, amevaa koti la harusi.

"Hamjambo," akasema. Akamsalimia Mstahiki kwa mikono miwili, akamsalimia Mkurugenzi, akamsalimia Naibu. Kisha akafika kwangu, akasema, "Katibu."

Katibu. Mimi niliyefua lile koti.

"Mzee Msasa yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mzee anapumzika. Wamenichagua mimi."

"Lini?"

"Siku nyingi," akasema, na hakunitazama. Alikuwa anatazama mguu mfupi wa meza.

Basi mume wangu amekuwa mwenyekiti, anakula kwangu, analala kwangu, na mimi nasikia habari hiyo nikiwa na watu wa ofisini.

Mstahiki akakohoa. "Mwenyekiti, swali ni moja. Ninyi maseremala mnataka kuhama au hamtaki?"

"Hatutaki, Mstahiki."

"Una hakika?"

"Tumelijadili sana. Tangu tusikie, watu hawana raha."

Naibu akatabasamu, akafunga faili lake. Mstahiki akapumua. Mambo yalikuwa yanakwisha vizuri, nami nilikuwa tayari kusamehe mwenyekiti, koti na kabati la mtu, tuonane nyumbani tuulizane taratibu.

Mkurugenzi ndiye aliyeharibu. Aliitoa pipi mdomoni, akaiweka kwenye kikaratasi chake, na mimi sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Mmelijadili sana," akasema. "Lini?"

"Jana jioni. Tuliitana wote pale karakana."

"Jana Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Ajenda imebandikwa leo."

Mume wangu akafumba mdomo. Alikuwa amejiona mwenyewe anavyoingia ndani, lakini miguu imeshapita.

Mstahiki akanyanyuka polepole. "Jana waliokuwa nayo ni mimi na Mama Vikao tu."

"Ndiyo ninachosema," Mkurugenzi akasema. "Mwenyekiti, jana mlisikia kutoka kwa nani?"

Nikamtazama mume wangu. Sikuwa na wasiwasi na swali lile. Naapa, sikuwa nao hata chembe, kwa sababu sikumwambia. Tulikaa mezani tukaulizana jipya, jipya, na sikumwambia. Jibu lolote atakalotoa litaniosha. Nilikuwa nangoja anioshe.

Akamtazama Naibu, kitambo kidogo sana, mtu mwingine asingeona.

"Kutoka kwa mke wangu," akasema.

Mkono wangu, kwa mazoea ya ukatibu, ukaliandika jibu lile.

"Alikuambia lini?" Mkurugenzi akauliza.

"Jana. Mchana, alinipigia simu."

"Na ile ya ushuru wa taka?"

"Hiyo pia."

Alisema kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba mbao za mninga zimepanda bei. Mstahiki akakaa, ameridhika, maana chambo chake hatimaye kilikuwa kimenasa. Mkurugenzi akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Ufunguo, Mama Vikao."

Nikauvua shingoni. Kamba ikanasa kwenye hereni, nikahangaika nayo mbele yao wote, na mume wangu, ambaye kila siku ndiye anayenisaidia hereni, hakunyanyua mkono.

Na wakati nahangaika, akili ikaanza kurudi. Ukuta wa mbao nyembamba, alioujenga yeye. Sauti ya Mstahiki isiyojua kunong'ona, na desturi yake ya kusoma kwa sauti anachoandika. Mtu aliyekaa upande wa pili wa ukuta ule, siku Mstahiki alipokuwa anaiandika, hahitaji kupewa rasimu. Maranda niliyoyaona jana kwenye upindo wa zambarau niliyaona nikiwa nimetoka tu kusoma. Naibu alikuwa ameshakwenda karakana na kurudi wakati mimi naambiwa nikae. Na mtu wa simu aliyekuwa anauliza kama nimeshasema, mwenye kabati.

Mdomo ulikuwa wa Naibu. Walichokuwa wanangojea kwangu ni neno moja tu, ili siku ya siku wawe na wa kumtupia lawama.

Ila kwa nini mume wangu akubali? Kwa ajili ya karakana, Naibu amwokolee, naye amkinge? Au kwa ajili ya lile koti, lililopigwa pasi vizuri hivyo? Sikujua. Ninayoyajua yalinitosha. Naweza kutaja maranda nikabaki na kazi. Lakini kuyataja ni kumwambia Mstahiki na Mkurugenzi kwamba Naibu anakwenda kwa mume wangu alfajiri kabla ofisi hazijafunguliwa, na akirudi ananidanganya. Jioni karakana yote itajua. Watoto watajua. Nikinyamaza, naenda nyumbani bila kazi, kwa mwanamume aliyeniuza, na ada haijalipwa. Nikisema, kazi ninayo, nyumba sina.

"Mama Vikao," Mstahiki akasema, sasa kwa upole, kwa sababu alikuwa ameshashinda. "Mumeo mwenyewe amesema. Una neno kabla hujatoka?"

Mume wangu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akatikisa kichwa kidogo tu, kama anavyomtikisia mtoto anayesogelea sufuria ya moto.

Nikauweka ufunguo mezani, mbali na kiganja cha Mkurugenzi.

"Ninalo," nikasema.

Naibu akainama, akapangusa upindo wa gauni lake. Leo ulikuwa safi kabisa, na mimi nilikuwa bado sijataja gauni.